Rithi wa Nyumba Mbili

Nicheke mwenyewe kwanza kabla hamjanicheka, maana siku niliyokwenda Lugari kumposa Rosa niliumbuka mbele ya ukoo mzima, na aliyeniumbua ni ulimi wangu mwenyewe.

Uhuru ulikuwa bado mbichi, nami nimetoka ng'ambo na digrii na suti nzito isiyojua jua letu (nilijiona kama uhuru ulipiganiwa kwa ajili yangu), na baba yake Rosa, mkulima wa mahindi kwenye shamba lililokuwa la mzungu, akaniuliza mbele ya wazee, "Kijana, huko ulikuwa unasomanga nini?"

Ningejibu kwa neno moja. Lakini msomi na neno moja, wapi na wapi! Nikaomba obusuma, ugali wetu, nikafinyanga vidonge, nikaviunganisha kwa njiti za kiberiti (wazee wanatazama chakula kikichezewa), nikaanza kueleza jinsi chembe zinavyojipanga ndani ya fuwele, vile vipande vinavyong'aa kama chumvi ya mawe, na ili nisiwachoshe nikasema zimekaa katika nyumba, na lithiamu, ile metali ndogo, nikaifupisha kuwa lithi. Shida ni kwamba mimi ni mtoto wa Shinyalu, na nikipandwa na mori wa kusema, l yangu hugeuka r.

"Hizi ni nyumba mbili za fosfati, zimeshikana pembe," nikasema kwa madaha. "Chuma na manganizi wanagawana chumba, hapa huyu, pale yule. Na rithi anapita katikati, anaingia kote."

Shangazi yake Rosa akaziba mdomo kwa leso. Mzee, baba yake Rosa, akaweka kikombe chini.

"Nyumba mbili," akasema. "Na moja umerithi. Ni mjane wa ndugu yako?"

"Hapana, mzee! Ni rithi tu, anatembea!"

"Harafu anatembea!"

Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozama, hadi nikaapa kwamba hata rithi akifukuzwa, nyumba zote mbili zitabaki zimesimama. Hapo mzee akainuka.

"Sisi hatupeanangi msichana aende nyumba ya tatu."

Rosa alinisindikiza hadi langoni, macho mekundu. Nilimpenda, jamani, na inaniuma hata sasa. Kando ya ghala palikuwa na magunia ya mbolea ya fosfati, ambayo baba yake aliyasifu kuliko mahubiri ya Jumapili. Rosa akayatazama, akanitazama.

"Kwani ungesema tu ni mambo ya mbolea, ungekufa?"

Aliolewa na karani wa Malava, ambaye alipoulizwa kazi yake alisema, "Karani," akaendelea kula. Nami tangu hapo nikiulizwa nilisomea nini, hata aulize profesa, najibu mbolea na kufunga mdomo.