Mikono ya Koti la Kazi

Mjukuu wangu alipopata kazi kwenye kiwanda cha sabuni, huko mbele ya Buguruni, koti lake la kazi nililishona mimi. Nani mwingine? Baraza hili la Kariakoo nimelikalia na cherehani yangu tangu mama yake hajaota meno.

Nikamshonea koti refu, mikono mipana ya kupepea, na nyuma ukanda wa kufunga fundo. Kiwandani kumejaa wanaume. Sikutaka mtoto wangu aende umbo lote nje.

Siku ya kwanza aliondoka alfajiri. Saa nne namwona huyo mbele ya baraza.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kiwanda kimeungua?"

"Wamenirudisha getini." Akashika mkono wa koti. "Msimamizi kasema kesho nije na koti la kubana, la sivyo nafasi anapewa mwingine."

Hasira zikanipanda. "Mwambie aje hapa anifundishe kushona! Mabibi harusi wangapi wa mji huu nimewavisha mimi?"

Fundi mwenzangu wa cherehani ya pili, mzee wa kushona suruali, hata kichwa hakuinua. "Ndiyo shida hiyo, bi mkubwa. Umempeleka mtoto kiwandani kama anaolewa."

"Shona suruali zako, wewe."

Mjukuu hakucheka. Akachuchumaa pembeni ya cherehani yangu, pale mkanda wa ngozi unapopanda kwenye gurudumu, akaokota kipande cha kanga.

"Kanyaga, bibi."

Nikakanyaga. Akasogeza ncha ya kanga, ncha tu. Mkanda ukaibeba, ukaisokomeza kwenye gurudumu. Nikaondoa miguu haraka, lakini gurudumu likazunguka tena, na tena, kanga inazidi kuingia.

"Umeona? Umeacha kukanyaga, lenyewe bado linakula. Na hii ni nguvu ya miguu yako. Mkanda wa kwetu kiwandani, unaobeba sabuni, ni wa umeme, mrefu kama uchochoro huu."

Kabla ya kuanza kazi walikuwa wamefundishwa wiki nzima, akanieleza. Kipande cha sabuni kikikwama chini ya rola, haupeleki mkono. Unazima, unafunga swichi kwa kufuli lako, ufunguo unakaa mfukoni kwako, mtu mwingine asiuwashe wewe ukiwa umeinama. Ukimaliza, unatazama mkanda wote mwanzo mpaka mwisho, unapaza sauti watu wasogee, ndipo unawasha.

"Sasa kama unazima kwanza, mikono mipana ina kosa gani?"

"Nitapita pembeni ya mkanda kutwa, bibi, nao unatembea. Upepo wa feni tu unatosha kuurusha mkono wa koti ukanaswa."

Nikaitazama ile kanga. Ilikuwa imejisokota kama utambi, ikabidi niikate kwa mkasi kuitoa. Mimi, kwa mikono yangu, nilikuwa nimemshonea mtoto wangu kitu cha kumvuta.

Nikafumua koti lote. Ukanda nikaukata, nikautupa. Nikamwambia alete mkono nimpime.

Mara ya mwisho kumpima kifundo cha mkono ilikuwa sare ya darasa la kwanza, kimkono chembamba mpaka futi inateleza. Sasa ni mkono wa mtu mzima, una mshipa unaopiga. Nikaushikilia pale muda mrefu kuliko inavyohitajika kupima.

"Bibi, unapima au unahesabu mapigo?"

"Nyamaza."

Hijabu nayo, kiwandani walikataa pini, zisije zikadondoka kwenye sabuni. Nikamshonea ya kitambaa cha fulana, ya kuvaa kwa kupitisha kichwani, mkia wake unaingia ndani ya kola.

Jioni akavaa vyote. Nikamzunguka, navuta kwa vidole huku na huku, kiwiko, mgongo, pindo, natafuta pa kukamata kama kibaka wa Msimbazi. Sikupata.

"Geuka tena," nikamwambia.

"Mara ya tatu hii, bibi."

"Geuka."

Kesho yake getini walimpitisha. Msimamizi alimuuliza fundi wake yuko wapi, maana kuna wasichana wengine wanne makoti yao yanapwaya. Nimemwambia mjukuu awalete wenyewe, wote, waje na mikono yao. Sishoni kwa kukisia tena.