Mtoki Ambao Sikuupasua

Mimi nilikuwa ngariba, na sioni haya kulisema. Nusu ya wanaume wa Kiislamu waliokulia Tororo miaka ile ya utawala wa jeshi wamepita mikononi mwangu, na hakuna hata mmoja atakayekuja kulalamika. Nilikuwa na mkono mwepesi. Mbali na tohara, watu waliniletea majipu yao: ya shingoni, ya makalioni, ya mahali pasipotajwa. Wanaume wazima wenye ndevu walilia kwangu, nami niliwacheka.

Basi panya wakatuzidi nyumbani, jirani akatuletea kitoto cha paka. Binti yangu, kitinda mimba, miaka minne, akamfanya mwanawe. Alimbeba mgongoni kwa khanga, alimlisha uji, na siku moja akaamua kumwogesha. Paka gani anakubali kuogeshwa? Alimparura mkono wa kulia, mistari mitatu, akapotelea darini. Mke wangu akampangusa mtoto damu kwa upindo wa khanga, yakaisha. Nani alikuwa na sabuni ya kuchezea siku zile, wakati hata maduka makubwa yalikuwa yanauza vumbi?

Mikwaruzo ikakauka, kikabaki kipele kidogo katikati ya vidole. Wiki ya pili binti akaacha kuinua mkono. Nikamvua gauni, nikakuta mtoki umetuna kwapani, mkubwa kama yai la kuku, na mwili wote una moto.

Mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea kutoka Kiyeyi. Alitia kidole pale kwapani, mtoto akapiga yowe.

"Baba, unangoja nini?" akaniuliza. "Watoto wa watu unawapasua, wa kwako unamtazama? Mkono huu ukikauka, tutasema nini?"

Majirani nao wakajaa uani. "Jamani, leo ngariba anaogopa damu!" akasema mmoja, wakaangua kicheko. Nikauchemsha wembe wangu, nikakaa mbele ya mtoto.

Nikashindwa. Nitasema ukweli, maana sasa nimezeeka na sina wa kumwogopa. Mwaka mmoja kabla ya hapo, huko Dabani, nilikuwa nimempasua mtoto mtoki wa kwapa kama ule ule. Kidonda kilivuja miezi na miezi. Niliwafokea wazazi wake mbele za watu, nikawaita wachafu. Lakini moyoni nilijua kuna kitu nimekosea, ila sikujua ni kitu gani. Nikaurudisha wembe kwenye ala yake. Mama mkwe akasonya, akanipa mgongo.

Asubuhi nikambeba binti, nikapanda lori la jirani mpaka Busia, kwenye zahanati alikokuwa nesi mmoja wa Kisamia, msichana mdogo tu. Dawa hakuwa nazo, makabati yalikuwa matupu. Macho ndiyo alikuwa nayo. Hakuanza na kwapa. Alishika vidole vya mtoto, akavitanua kimoja kimoja, akakiona kile kipele.

"Mzee, nyumbani mna paka?"

"Tuna kitoto cha paka."

"Basi ni yeye. Kucha za paka zina vijidudu, hasa paka wadogo. Vimeingia na mkwaruzo, na mtoki umesimama kuvizuia. Ukipasua, kidonda kitavuja mpaka uchoke. Ukiuacha, mara nyingi hunywea wenyewe, baada ya wiki kadhaa. Homa ikizidi, au ngozi ikiwa nyekundu na laini, mlete mbio, nitavuta usaha kwa sindano. Lakini wembe hapana, mzee. Na siku nyingine akiparurwa, mwoshe kwa sabuni na maji mengi, papo hapo."

Wallahi nilikasirika. Kasichana kale, kananifundisha mimi kazi ya kukata! Hata hivyo nikamweleza habari za yule mtoto wa Dabani. Akauliza kama nao walikuwa na paka.

"Sikuuliza," nikasema.

Akatikisa kichwa, akaanza kumvalisha mtoto gauni. Afadhali angenitukana.

Nilirudi nyumbani nikatangaza: hakuna kupasua. Nilikuwa na kipande cha sabuni nilichokificha cha kunawia kabla ya tohara. Nikakitoa, nikamwosha mtoto mikono kila siku na kumkanda kwapa kwa maji ya uvuguvugu, mimi mwenyewe. Wembe nikautia mfukoni nikatembea nao hadi msikitini, maana mama mkwe alishaanza kuutafuta. "Ngariba, bado tu?" watu waliniuliza njiani. "Bado!" niliwafokea. Nyumbani mke wangu alinipakulia chakula, akaenda kula na mama yake, na nilijua iwapo mtoto atapata kilema, lawama ni yangu peke yangu.

Homa ikashuka. Yai likawa ndimu, ndimu ikawa punje ya mahindi. Lakini mkono ukakataa kupanda. Binti aliubana ubavuni, alilia hata kabla hujamgusa, na alijifunza kula kwa kushoto. "Umeona?" akasema mama mkwe. "Umekauka. Nilisema." Safari ile sikumfokea. Niliogopa. Nilijiona nimemponza mwanangu kwa ukaidi wangu, nikaenda chooni nikalia.

Nikampakia tena kwenye lori, turudi kwa nesi. Kabla hatujafika Busia, wanajeshi wakatusimamisha.

"Wote shuka! Mikono juu!"

Kila mtu wa zama zile anaijua sauti hiyo. Tulishuka tukapanga mstari kando ya barabara. Mama mmoja mchuuzi, kutoka upande wa Kenya, aliinua mikono kwa haraka mpaka kikapu kikamdondoka. Nami nikainua mikono, huku roho iko mkononi, nikatupa jicho chini kumtazama mtoto.

Alikuwa amekodoa macho kwa askari. Mikono yake ilikuwa juu. Yote miwili! Wa kushoto juu, wa kulia juu, umenyooka kupita kichwa, na kwapa liko wazi, laini, halina kitu.

Nikacheka. Nilicheka mbele ya bunduki, kicheko cha kutoka tumboni, na machozi yananitoka.

"Wewe mzee! Unacheka nini?"

"Afande, mkono umepanda! Mkono wa mwanangu umepanda!"

Akamtazama mtoto, akanitazama mimi, akaona hapa kuna mwendawazimu.

"Haya, shusha mikono. Nendeni."

Wote wakashusha haraka, wakakimbilia lori. Binti naye akataka kushusha.

"Wewe usishushe, mama," nikamwambia. "Kaa hivyo hivyo, nikuone."