Moto wa Matanga ya Baba

Januari 1975 nilimzika baba, Ibra. Nilikuwa nimetoka Unguja juzijuzi kuja kijijini kwake, ng'ambo ya bahari, na baridi ile sikuijua.

Asubuhi ya pili ya matanga wazee walikaa barazani wakitetemeka, nikaona haya. Kuni za nyumbani zilikuwa za samri, ule mti wa gundi, bado mbichi; shoka lilidunda tu. Nikatoka kutafuta kavu. Nyuma ya msikiti, uwanjani, nikakuta mti mkavu umesimama wima peke yake, hauna hata tawi. Mwenye akili angejiuliza nani kausimamisha. Mimi niliung'oa, nikaupasua, nikarudi najiona mwanamume.

Moto ukakolea. Wazee wakanyoosha mikono, wakaniombea dua.

Akaingia Ami Saidi, mgawaji wa maji ya mfereji wa mashamba, anahema.

"Jamani, nani kang'oa mti wa kivuli? Watu wamesimama na majembe, mitende inangoja, zamu ya nani haijulikani!"

"Mti gani huo, ami?" nikauliza, huku nasukuma kipande kingine motoni.

"Tunaopimia kivuli cha jua, mwanangu, kila mtu ajue saa yake ya maji..."

Akautazama mkono wangu. Wazee wote wakaondoa mikono yao motoni.