Kilabu cha Baba Kinafungwa

Baba alivaa suti saa saba mchana, tai na viatu vilivyong'arishwa, akaketi mbele ya televisheni yetu hapa Richfield, Minnesota, jirani na uwanja wa ndege. Brussels ilikuwa usiku tayari. Kilabu cha jazi alikokuwa akipiga saksafoni ujanani, chumba kidogo chini ya ngazi ambako watu wa meza ya mbele hukunja miguu ili mpiga besi apate pa kusimama, kilikuwa kinafungwa siku hiyo. Wenyewe walikuwa wanarusha onyesho la mwisho mtandaoni.

Kwa wiki kadhaa alikuwa akinisihi nimpeleke. Daktari alishasema moyo wake hauwezi ndege, basi. Nilimweleza kwa upole, kisha kwa ukali, maana mimi nikishindwa na jambo hugomba. Na ndege zenyewe, kwa ujeuri, zilipita juu ya paa letu kutwa nzima.

"Funga mulango," aliniambia kwa Kiswahili chake cha nyumbani. "Pale hakuna mutu anaongea wakati banapiga."

Nikafunga. Nikazima hata jiko, na maharage hayajaiva. Kila mpigaji alipomaliza kipande chake, Baba alipiga makofi na kuita "Bravo!", halafu akatulia kama anayesubiri kuitikiwa. Nilitoa simu nikaandika ujumbe chini ya onyesho: baba yangu alipiga hapo, anawatazama kutoka Minnesota. Ukafunikwa na jumbe za wengine. Nikauandika tena, ukapotea vilevile. Nilitamani kuipasua ile simu.

Kisha mwenye kilabu, mzee wa mvi, akashika kipaza sauti na kusema kwa Kifaransa: wote waliowahi kupiga humu wasimame, tuwaone.

Baba alikuwa hajasimama bila kushikwa tangu majira ya baridi. Nilimkimbilia, akausukuma mkono wangu. Akashika meza, akanyanyuka. Nami nikasimama nyuma yake nimetandaza mikono. Kamera ilipita meza kwa meza, wazee wakipunga mikono, watu wakishangilia. Baba akaiweka tai sawa.

"Sasa inanifikia," alisema.

Picha ikageukia jukwaa. Muziki ukaanza.

Aliendelea kusimama kidogo, kisha akakaa bila kuniangalia.

"Bameniruka," alisema.