Mwenzangu wa Blanketi

Ti. Kijiko kiligonga kitu kigumu kinywani mwa mwanangu, usiku wa manane, nikimnywesha maji kwa sababu mwili ulikuwa wa moto na alikuwa analia hanyamazi. Nikapapasa kwa kidole. Ufizi wa chini laini, hauna kitu. Wa juu meno mawili yamechomoza, kama punje za mchele. Nikapuliza taa upesi, sijui nilikuwa namficha nani, baba yake alikuwa safarini Mbeya, na chumba cha pili alilala mama mkwe wangu aliyetoka Madibira kuja hapa Iringa kunisaidia kulea. Nikakaa gizani nimemkumbatia mtoto, nikamkumbuka Tumpe.

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu tulilala wawili wawili. Shule yetu ya misheni ilikuwa mlimani, upande wa Mbeya, vyumba viwili vya darasa, kanisa, zahanati ya Sista na bweni la wasichana lililoezekwa nyasi. Mwezi wa sita ukifika, asubuhi unakuta majani meupe kwa umande ulioganda. Kila msichana alikuja na blanketi lake la kijivu, jepesi, na moja halikutosha, basi mnajiunga, moja mnalitandika juu ya mkeka, moja mnajifunika, na huyo ndiye mwenzako wa blanketi mpaka shule ifungwe. Mkigombana mchana, usiku mnapatana tu, utafanyaje.

Mwenzangu alikuwa Tumpe. Alinizidi umri kidogo, alilelewa pale pale misheni, na ndiye aliyenifundisha kukoka moto wa kuni mbichi na kujumlisha kwa vijiti. Alipocheka aliziba mdomo kwa kiganja. Nilidhani ni adabu ya misheni, nami nikamwiga.

"Mbona huendi kwenu likizo?" nilimwuliza.

"Kwetu ni hapa. Nikiondoka, nani atawafungulia kuku wa Sista?"

Basi siku moja bibi yangu akaja kuniona, na mkungu wa ndizi kichwani. Tumpe akakimbia, akampokea, akapiga magoti.

"Ndaga," Bibi alimshukuru kwa Kinyakyusa. "Wewe ni wa nani, mwanangu?"

"Wa hapa hapa, bibi."

Jibu hilo halikumtosha Bibi. Akaenda jikoni, na mpishi wa bweni alikuwa mtu asiyeweza kukaa na neno. Bibi aliporudi alinishika mkono akanivuta nyuma ya kuni.

"Unalala na nani?"

"Na Tumpe."

"Yule ni kigego. Aliota meno ya juu kwanza. Baba yake alimweka mlangoni kwa Sista usiku, ili ndugu wasimtupe mtoni. Anayekula naye na kujifunika naye, nyumbani kwao hutoka maiti. Una mdogo wako mchanga, wewe. Hama leo."

Sikuhama. Haukuwa ushujaa. Kulikuwa na baridi, na Tumpe alikuwa na miguu yenye joto.

Lakini alichomwambia Bibi, mpishi alikwisha kuwaambia wote. Jioni tukiosha sahani msichana mmoja akasema, "Usimchekeshe mwenzio, akikuonyesha meno umekwenda."

"Mwacheni," mwingine akadakia, "ameshaaga kwao."

Wakacheka wote. Tumpe akaziba mdomo, na hakuwa anacheka.

Kisha surua ikaingia bondeni kwetu. Mjomba alipanda mlima akasimama mbele ya darasa, kofia mikononi, na kabla hajasema nikajua ni mdogo wangu. Nilikwenda nyumbani msibani. Jirani naye alizika, na jirani wa jirani, na watoto wao hawakumjua Tumpe hata kwa sura, lakini hayo nayapanga sasa, wakati ule sikuwa na akili ya kuyapanga. Bibi hakunipiga wala hakunigombeza. Alinitazama tu, kisha akatazama pembeni.

Niliporudi shuleni nikatandika blanketi langu, nikangoja la Tumpe. Halikuja. Alikuwa amehamisha mkeka wake hadi mlangoni, pale upepo unapopita chini ya ubao.

"Njoo, Tumpe, nasikia baridi."

"Lala na Rehema. Nimeshamwomba."

"Rehema anakojoa."

"Una dada yako bado," alisema. "Na mama unaye."

"Sista amesema ni surua."

"Sista ni mgeni huku."

Nikamfuata na mkeka wangu, akaniinua, akanirudisha. Kesho yake nikajaribu tena, akanirudisha tena, na safari hii alilia. Blanketi moja, mlangoni, mwezi wa saba. Alipoanza kukohoa alikohoa ndani ya nguo, tusisikie. Sista alipogundua, homa ilikuwa imeshamlewesha. Wakampakia kwenye lori kwenda hospitali Mbeya. Nilipanda kwenye gurudumu nimwone. Akanitambua, akatabasamu, na kiganja kikapanda mdomoni.

Lori lilirudi na blanketi lake limekunjwa kitini.

Baadaye nilipelekwa sekondari. Nikajifunza mapafu, nikajifunza surua inavyotoka mtoto mmoja hadi mwingine, nikajibu maswali yake na kupata. Nikisema siamini habari za kigego nitakuwa naongopa, kwa sababu usiku ule, kijiko kilipolia, kabla sijafikiri lolote nilianza kuwataja kimoyomoyo watu wangu walio hai. Mama. Dada. Baba wa mtoto. Kisha hofu nyingine ikaja, kubwa kuliko hiyo, nayo haijatoka. Hakuna aliyemfukuza Tumpe mkekani. Alihama mwenyewe. Walimwambia yeye ni nani, akaamini, akabeba mkeka wake kwa kutupenda.

Basi nikaanza kuficha. Nalisha mimi, naogesha mimi, mtoto akipiga miayo namgeuzia ukutani. Kila asubuhi mama mkwe anauliza, "Jino bado?" Nami nasema, "Bado, mama."

Juzi nilirudi kutoka bombani nikamkuta ndani, mlango ameufunga, mtoto mapajani, anamnywesha uji kwa kiganja, kama walivyolisha wazee wa zamani.

"Mama, kijiko kipo."

"Kijiko kina kelele," alisema, bila kuniangalia. "Na majirani wana masikio."

Nikatua ndoo. Nusu ya maji yalimwagika.

"Umeona lini, mama?"

"Kabla yako." Akaufuta uji kidevuni mwa mtoto. "Usitetemeke hivyo, utamtia hofu. Mmoja wa wanangu nilimlisha hivi hivi, mpaka ya chini yakatoka. Wote wazima leo, na ni wazazi. Yupi, sitakuambia."

"Na yeye mwenyewe anajua?"

"Nani amwambie?"

Mtoto akamtazama bibi yake, akacheka kwa kinywa kizima, meno yale mawili yakaonekana wazi, na mkono wangu ukainuka wenyewe kumziba mdomo. Mama mkwe akaudaka hewani.

"Mwache acheke."

Haya nimeyaandika bila jina langu wala la mtoto. Tumpe peke yake nimemwachia jina lake, hakuna wa kumwumiza tena. Na siku ile, mkono wangu ukiwa bado mkononi mwa mama mkwe, niliapa, naye akaapa: hatamwambia mtu, nami sitamwambia mtu mwingine, si baba yake, si dada yangu, na huyu anayecheka hatasikia kutoka kwangu hata siku nitakapokuwa nakufa.