Mbinu ya Tan

Mo Xiuzhu alikuwa fundi wa milango. Miaka kumi na minne tulifanya kazi bega kwa bega katika kiwanda chetu cha magari cha Liuzhou, mimi nikifunga bawaba za milango ya mbele, yeye akipachika ule mlango wa ubavuni unaoteleza juu ya reli. Magari yenyewe ni yale madogo yenye umbo la mkate wa boflo, ambayo wakulima hupakia nguruwe asubuhi na bibi harusi jioni. Xiuzhu hakuwa na haja ya kipimo. Aliingiza ncha za vidole kwenye upenyo, akazishusha taratibu, akagonga reli kwa nyundo ya mpira mara mbili, basi. Mlango wake ulifungika kwa kidole kimoja.

Mumewe, Tan Jinquan, alikuwa karakana ya rangi. Mtu mcheshi, asiye na makuu. Kazi yake haikusifiwa wala haikulaumiwa.

Mwaka wa tisini na nane likabandikwa tangazo: wafanyakazi wamezidi, na pale ambapo mume na mke wote wameajiriwa, mmoja arudi nyumbani. Wachague wenyewe. Basi kila aliyefukuzwa alifukuzwa na mtu wake wa ndani.

Xiuzhu alinisimulia yaliyosemwa mezani kwao siku ile.

"Mama Qiaoyun, wewe unajua kupika," Jinquan alianza. "Utauza tambi. Mimi nitauza nini?"

"Na milango je? Siijui?"

"Ndiyo maana nasema, wewe hukosi la kufanya. Lakini mimi nikikaa nyumbani, watu watasema mke ndiye aliyenioa."

"Waache waseme."

Jinquan akaanza kulia, mbele ya binti yao, Qiaoyun. Xiuzhu hakuwahi kumwona akilia. Akachukua kalamu, akatia sahihi.

"Ningejua, Dada Lan," aliniambia baadaye, "ningempa kitambaa afute machozi, mimi nikaenda zangu kazini."

Mwezi haukuisha, karakana ya rangi ikapunguzwa, na Jinquan akaletwa kwenye milango, palepale alipokuwa akisimama mkewe. Ilikuwa aibu kutazama. Milango ilikwama, na ile isiyokwama ilivuja maji kwenye majaribio ya mvua. Msimamizi wetu, Bwana Pang, akampa wiki mbili ajirekebishe.

Xiuzhu akaniomba kipande cha reli kilichotupwa. Akakipigilia ukutani jikoni, akaning'iniza mlango mbovu, akamfunga mumewe macho kwa taulo.

"Usitazame! Macho yanakudanganya. Gusa."

"Sisikii kitu."

"Huna haraka ya kula leo, eeh? Gusa tena."

Mchana aliuza tambi za supu ya konokono kwenye lango la nyuma la kiwanda, jioni alimfundisha. Wiki mbili zilipokwisha, milango yake ilipita. Baada ya mwaka, ikawa bora kuliko yote.

Watu wa ofisini wakaja na daftari, wakaandika hatua zake saba, wakaziita Mbinu ya Tan. Siku ya tuzo tulipangwa uwanjani, vipaza sauti vikafunguliwa mpaka vikasikika langoni. Mkurugenzi akauliza, "Fundi Tan, mbinu hii uliipataje?"

Jinquan alitazama ua jekundu la heshima lililobandikwa kifuani pake.

"Niliota usingizini," alisema.

Watu walicheka, wakapiga makofi. Na mimi nilipiga.

Kule langoni mteja alimwambia Xiuzhu, "Dada Mo, huyo si mumeo? Hongera!"

"Pilipili utatia mwenyewe," Xiuzhu alijibu, akamsogezea bakuli.

Jioni ile Xiuzhu aling'oa reli ukutani jikoni.

Miaka miwili ikapita. Likaja gari jipya, mlango mzito, reli tatu badala ya mbili. Zile hatua saba hazikufua dafu. Jinquan alirudi nyumbani kama mtu aliyenyeshewa.

"Mama Qiaoyun, reli ya kati inanishinda. Hebu nielekeze."

"Mimi muuza tambi."

"Usinifanyie hivyo."

"Si uliota? Basi lala tena."

Qiaoyun, aliyekuwa na miaka kumi na minne, alisimama katikati yao. "Mama, msaidie baba!"

Hakumsaidia. Jinquan akashushwa daraja, akapelekwa kufagia uwanja wa magari yaliyokamilika. Mshahara ulikatwa, na binti hakuendelea na sekondari ya juu. Akaenda mkoa wa Guangdong kushona viatu kiwandani. Alipoondoka alimwambia mama yake, "Wewe ndiye uliyemwangusha baba."

Mwaka jana nilimuuliza Xiuzhu kwa nini hamwambii mtoto ukweli. Alikuwa akimenya kitunguu saumu.

"Nimwambie ili iwe nini? Mimi keshanichukia. Nikimwambia, atakuwa hana baba wala mama. Abaki na mmoja."

Jinquan alikuwa ameketi kwenye kiti cha mlangoni, karibu kiasi cha kusikia kila neno. Alikuwa akila karanga. Aliendelea kula.

Sikukuu ya Mwaka Mpya Qiaoyun alikuja, akamletea baba yake koti la manyoya, akakaa siku tatu, akarudi Guangdong. Xiuzhu alimfungia mayai ya njiani. Binti aliyasahau mezani.