Mstari wa Mama Mzazi

Kadi ya harusi ni karatasi ndogo, na ugomvi wake unaanzia hapo hapo. Ukurasa wa kitabu una nafasi ya kumridhisha kila mtu. Kadi haina. Ukimkuza mmoja, lazima mwingine asogezwe.

Mimi shule niliishia darasa la nne. Uchapaji niliupata kwa vidole, kwa herufi za madini ya risasi nilizokuwa nazipanga kinyume moja moja, mpaka nikawa na duka langu mwenyewe Dodoma mjini. Miaka ya ruksa ilipoingia, na vitu kutoka nje vikajaa madukani, nikanunua kompyuta ya mtumba. Nikaikalia mpaka ikanitii. Sikumwomba mtu anielekeze.

Lakini ile mashine iliniharibia wateja. Zamani nikisema herufi za ukubwa huo sina, maneno yameisha. Sasa mtu anavuta kiti, anakaa nyuma yangu, ananyoosha kidole hadi kioo kinachafuka: "Mzee, si unabonyeza tu?"

Kuna kadi moja mpaka leo nikiikumbuka nachukia.

Mama mmoja mkulima wa mpunga kutoka Bahi alikuwa anamwoza binti yake. Mume alifariki binti akiwa bado mchanga, na mama amemlea peke yake. Alikuja mwenyewe kuniambia anachotaka: jina lake liwe juu, ndiye anayealika. Nikalipanga katikati, herufi nzito, ukubwa wa pointi kumi na nane. Chini yake maneno ya mwaliko kwa herufi nyembamba, kisha nukta za kuandikia jina la mgeni. Pembeni nikaacha pambizo ya kutosha. Nikamtolea prufu, yaani karatasi ya kwanza ya kukagulia.

Akaishika kwa ncha za vidole. "Hili ndilo langu?"

"Ndilo, mama."

"Limekaa," akasema.

Baadaye akaja mwenyekiti wa kamati ya harusi, mtumishi wa serikali anayekaa Ipagala, shati limenyooka, kalamu mfukoni.

"Shikamoo, mzee. Kadi nzuri, ila baba mdogo wa binti hayumo."

"Marahaba. Sikuambiwa."

"Mwanamke ataalikaje peke yake? Watu watasema ukoo umekwisha. Muweke juu."

Nikamuweka. Huyo baba mdogo, mdogo wake marehemu, alikuwa mkubwa katika ofisi fulani, na cheo chake kirefu kuliko jina. Mstari ukagonga pambizo pande zote mbili.

"Punguza hizo pembezoni."

"Nikipunguza, kisu cha kukatia karatasi kitamkata baba mdogo shingo."

Hakucheka. "Basi punguza la mama."

Nikalipunguza. Akarudi: baba mdogo bado haonekani vizuri, tupunguze tena. Nikapunguza. Akarudi: la mama lilazwe kidogo, lisishindane. Nikalilaza. Kila akija ananikuta na kazi za watu wengine mezani, na kila akija ni kubonyeza tu. Mwisho akasema nilitoe kabisa.

"Silitoi," nikamwambia. "Aliyeliweka aje alitoe."

Akamleta. Mama alikuwa ametoka Bahi asubuhi ile, amekaa kwenye benchi na mtandio wake, hajavuta hata pumzi.

"Mama, ni mpangilio tu wa kadi," mwenyekiti akamwambia.

"Nisipokubali?"

"Shemeji yako amesema hamwingizi binti kanisani."

Mama akanitazama mimi. Nikamwambia wazi: "Kadi ni yako. Ukisema libaki, linabaki, na huyu akatafute duka lingine."

"Baba, toa," akasema. "Wali watakaokula ni wa jaruba langu. Huo hawana pa kuutoa."

Nikalitoa. Sasa, kwenye risasi, ukiondoa mstari lazima ujaze kipande cha chuma mahali pake, la sivyo herufi zote zinamwagika. Kompyuta haina adabu hiyo. Ukifuta mstari, iliyo chini inapanda yenyewe, kama vile hapakuwahi kuwa na mtu. Iliponifanyia hivyo nikachukia kabisa. Nikaishusha mistari yote pale ilipokuwa.

Mwenyekiti akainama kwenye kioo. "Mbona pana pengo? Weka maua."

"Maua sina."

"Kompyuta nzima haina maua?"

"Ya kwangu haina." Nilikuwa nayo diski nzima.

Akaondoka ananung'unika kwamba wazee tuwaachie vijana kazi za kisasa. Hakuwahi kunirudia. Mama akabaki mlangoni na prufu yake.

"Umeacha tundu. Watu watauliza."

"Waulize," nikamjibu. "Nataka waulize."

Nikachapa zote hivyo hivyo, na kwenye sherehe nikaenda, maana nami niliandikiwa. Mlangoni bwana mmoja akapokea kadi yangu, akatazama pembeni kama ni singo au dabo, asije akaingiza watu wawili kwa kadi ya mmoja. Akaichana kona, akanirudishia. Ukumbini nikaona kadi zile mezani, watu wanajipepea nazo, wengine wamezikunja kutia chini ya miguu ya meza inayoyumba. Nilikaa mpaka muziki ukazimwa, nikisikiliza.

Hakuna aliyeuliza.